Tusihesabu megawati tu, tuulize pia kituo kitawakaje gizani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niulize swali ambalo, tangu Bwawa la Julius Nyerere, katika Mto Rufiji, lianze kutuletea umeme, sijaona likiulizwa hadharani kwa uzito unaostahili. Furaha tuliyoipata mashine ya kwanza ilipoingia kwenye gridi Februari 2024, na nyingine zikafuata hadi zote tisa zikatimia mwaka uliofuata, sina haja ya kuieleza. Waliokaa gizani katika mgao wa mwaka 2006 na ule wa 2011, na wanaoikumbuka Oktoba 2015, ilipotangazwa kwamba vituo vya umeme wa maji vinazimwa kwa sababu mabwawa yamekauka, wanajua wenyewe thamani ya megawati 2,115. Swali langu ni hili: siku Gridi ya Taifa itakapoanguka yote kwa mara moja, mashine ya kwanza itawashwa kwa umeme upi, na ni lini mara ya mwisho jambo hilo lilijaribiwa kwa vitendo badala ya kuandikwa katika mpango?

Huenda msomaji asiye wa fani hii akashangaa kusikia kwamba kituo cha kufua umeme nacho kinahitaji umeme ili kifue umeme, lakini ndivyo mambo yalivyo. Pampu lazima zisukume mafuta kwenye beringi kabla ya mashine yenye uzito wa mamia ya tani kuanza kuzunguka. Vifaa vinavyopima na kuongoza mwendo wake lazima viwe hai. Jenereta kubwa lazima ipewe umeme kidogo wa kuamsha usumaku wake. Na milango ya maji lazima ipate nguvu ya kuinuliwa. Siku za kawaida mahitaji hayo yote huchukuliwa kutoka kwenye gridi yenyewe, na ndiyo maana gridi ikifa, kituo kisicho na chanzo chake cha pembeni hukaa kimya kama kisima kirefu kilichopoteza ndoo, hata kama nyuma yake kuna ziwa zima la maji. Chanzo hicho cha pembeni ni vitu viwili vya kawaida kabisa, yaani chumba cha betri na jenereta ya dizeli. Usalama wa bwawa lililogharimu matrilioni ya shilingi huishia, katika saa ile ngumu, mikononi mwa vitu hivyo viwili, na mwenye jukumu la kuvitunza kwa kawaida ni fundi wa zamu ambaye jina lake halitajwi siku ya uzinduzi.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimekuwa fundi umeme kwa miaka 31, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia kuhudumia jenereta za akiba. Katika hospitali moja niliyowahi kuitwa, jenereta ilikuwa ikijaribiwa kila Jumatatu asubuhi bila kukosa. Mlinzi alibonyeza kitufe, injini ikanguruma kwa dakika tano, ikazimwa, na daftari likatiwa saini. Usiku umeme ulipokatika mgonjwa akiwa juu ya meza ya upasuaji, injini iliwaka vizuri, ikabeba mzigo kwa dakika nne, kisha ikafa na haikuwaka tena. Wauguzi walimulika kwa simu zao hadi daktari alipomaliza kushona, na kwa rehema za Mungu mgonjwa alipona. Nilipofungua chujio la dizeli nilikuta limejaa utando mweusi unaoteleza, kwa sababu mafuta yalikuwa yamekaa tangini muda mrefu mno na maji yalikuwa yametuama chini yake. Injini iliyowashwa bila mzigo hunywa mafuta kidogo, na kwa kiasi hicho chujio lile bado lilipitisha. Ilipobebeshwa vyumba vya upasuaji na pampu za maji, kiu yake ikazidi kile kilichoweza kupita. Daftari lile halikuwa na uongo hata mstari mmoja, ila kwa miaka yote lilikuwa likijibu swali ambalo hakuna aliyehitaji jibu lake, maana lilithibitisha kwamba injini inawaka, ilhali hospitali ilihitaji kujua kama injini inabeba.

Tangu usiku ule, kila ninapoambiwa kwamba kituo fulani kina mfumo wa dharura, nauliza umejaribiwa kwa mzigo gani na kwa muda gani. Usiku wa Agosti 25, 2023, gridi ya Kenya ilianguka karibu nchi nzima. Kenya Power ilieleza kwamba umeme wa kituo cha upepo cha Ziwa Turkana, wakati huo kikitoa megawati 270, ulitoka ghafla kwenye mfumo, nao wenye kituo wakasema mashine zao zilijitoa kwa sababu volti kwenye gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Vyovyote ilivyokuwa, katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta iliyotakiwa kuhudumia sehemu ya majengo ya abiria haikuwaka, na wasafiri wa mataifa yote wakakaa gizani. Sidhani kwamba jenereta ile haikuwa na daftari.

Tukio hilo linatuhusu sisi kwa njia nyingine pia. Kila mashine ya Bwawa la Julius Nyerere ni ya megawati 235, yaani mashine moja tu inazidi kituo kizima cha Kidatu chenye megawati 204. Ni jambo la kujivunia, lakini lina upande wake wa pili: mashine ya ukubwa huo ikijizima ghafla saa ambayo nchi inatumia umeme kidogo, kwa mfano saa tisa za usiku, pengo linaloachwa ni kubwa kwa gridi yetu, na zilizobaki zina sekunde chache tu za kulijaza kabla mizunguko ya umeme, ambayo inatakiwa kubaki 50 kwa sekunde, haijashuka hadi vituo vingine navyo vianze kujitoa kimoja baada ya kingine. Isitoshe, umeme wote wa bwawa hilo unasafiri kwa njia ya kilovolti 400 ya takriban kilomita 160 hadi kituo cha kupoza umeme cha Chalinze. Kwa upande wa gesi, inayoendesha mitambo ya Kinyerezi na Ubungo, bomba linalotoka Songo Songo na lile linalotoka Mtwara yote mawili yanapita Somanga. Ni Somanga hiyo hiyo ambako Mei 2024, kufuatia mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatwa na maji, na magari yakakwama siku kadhaa. Sisemi kwamba mabomba yaliguswa. Nasema kwamba tuna sehemu chache mno ambazo nchi nzima inazitegemea, na mojawapo imeshatuonyesha kwamba maji yanaijua njia ya kuifikia.

Wenzetu wa Zanzibar wanajua maana ya kutegemea njia moja kuliko sisi wa Bara. Mwaka 2008 Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kwa takriban mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 ikakaa gizani tena kwa karibu miezi mitatu, yote kwa sababu ya hitilafu katika mfumo wa waya mmoja uliopita chini ya bahari. Si taa pekee zilizozimika, kwa kuwa pampu za maji zilisimama, watu wakarudi visimani, na hoteli na wavuvi wakakosa barafu. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja kuwashwa mwaka 2013, baada ya watu kuteseka mara mbili.

Tunapofikiria majanga, tunafikiria kwanza vita, tetemeko au mafuriko makubwa, nami nakubali kwamba hayo yana nafasi yake. Lakini kumbukumbu za vituo vya kufua umeme katika eneo letu zimejaa mambo madogo. Juni 7, 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru nchini Kenya, akaangukia transfoma, kituo kikapoteza megawati 180, na nchi nzima ikazimika kwa zaidi ya saa tatu. Aprili 2020 kisiwa cha mafunjo kinachoelea kilisukumwa na upepo wa Ziwa Victoria hadi kwenye milango ya maji ya kituo cha Jinja, na Uganda ikakosa umeme. Agosti 2022, huko huko Uganda, maji yalijaa ndani ya jengo la mashine la kituo kipya cha Isimba chenye megawati 183, na maelezo ya serikali yalikuwa kwamba ni kosa la kibinadamu. Kule Bukavu, mafundi wa kituo cha Ruzizi huopoa chupa na mifuko ya plastiki inayoletwa na Ziwa Kivu ili isizibe mashine. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho kingezuiwa kwa kununua mashine kubwa zaidi. Vilihitaji uzio unaokaguliwa, boti ya kuvuta magugu, chujio linalosafishwa, na mtu wa zamu mwenye mamlaka ya kusema simameni.

Katika mikasa yote ya vituo vya maji ninayoifahamu, hakuna unaonikosesha usingizi kama ule wa Sayano-Shushenskaya, katika Mto Yenisei nchini Urusi. Kituo hicho kina mashine kumi za megawati 640 kila moja. Asubuhi ya Agosti 17, 2009, mashine namba 2, ambayo mtetemo wake ulikuwa umevuka kiwango kinachoruhusiwa, ilipasuka kifuniko chake, maji yenye shinikizo la bwawa zima yakainyanyua kutoka kwenye shimo lake na kufurika ndani ya ukumbi wa mashine, na watu 75 wakafa. Wachunguzi walipokagua bolti 49 kati ya zile zilizokuwa zimeshikilia kifuniko hicho, walikuta 41 zina nyufa za chuma kuchoka. Mtetemo ulikuwa ukipimwa na ukijulikana, ila kuisimamisha mashine kulionekana kuwa hasara.

Lakini jambo ambalo nataka wahandisi wetu walitafakari ni lile lililotokea baada ya bolti kukatika. Maji yalipoingia ukumbini, umeme wa ndani ya kituo ulipotea, na milango ya juu ya bwawa iliyotakiwa kuyafunga maji yale haikujifunga yenyewe. Wafanyakazi walilazimika kukimbilia juu ya ukuta wa bwawa na kuishusha milango ile kwa mikono, kazi iliyomalizika baada ya zaidi ya saa moja, huku wenzao wakifa chini. Kisha ikabidi itafutwe jenereta ya dizeli ili milango ya kupunguzia maji ifunguliwe, la sivyo bwawa lingejaa na kufurika juu ya ukuta. Kituo cha megawati 6,400 kiliokolewa na mikono ya watu na jenereta ndogo. Ningependa Wizara ya Nishati itueleze, kwa lugha ya kawaida tu, kama milango ya maji ya Bwawa la Julius Nyerere inaweza kujifunga kwa uzito wake wenyewe pasipo umeme, na ni mara ngapi imeshushwa kwa namna hiyo tangu maji yaanze kujazwa Desemba 22, 2022.

Japani nayo ina vituo viwili vya umeme wa nyuklia ambavyo ni vema tukavitazama pamoja, kwa kuwa vyote viwili vilipigwa na bahari ile ile siku ile ile ya Machi 11, 2011. Kila mtu amesikia habari za Fukushima, ambako wimbi lililokadiriwa kufikia mita 14 hivi lilipita juu ya kinga zilizopangwa kwa wimbi la chini ya mita 6, likazamisha jenereta za dharura ambazo nyingi zilikuwa zimewekwa ghorofa za chini ya ardhi. Kati ya jenereta 13, ilibaki moja, iliyokuwa imewekwa mahali pa juu zaidi na iliyopozwa kwa hewa badala ya maji ya bahari, na hiyo moja ndiyo iliyoviokoa vinu namba 5 na 6. Wachache wamesikia habari za Onagawa, kituo kilichokuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko. Kilipokuwa kikipangwa miongo mingi nyuma, wapo walioona kwamba kimo cha mita 12 juu ya bahari kingetosha, lakini mhandisi mmoja mzee, Hirai Yanosuke, alisimama imara kwamba kijengwe mita 14.8, kwa sababu alizijua kumbukumbu za mawimbi yaliyowahi kuipiga pwani ile. Wimbi lilikuja la mita 13 hivi. Kituo kilijizima salama, na zaidi ya wanakijiji 200 waliopoteza nyumba zao walipewa hifadhi ndani ya kituo hicho. Hirai alikuwa amefariki mwaka 1986, kwa hiyo hakuona siku ambayo gharama aliyowalazimisha wenzake kuibeba ililipa.

Sisi hatuna vinu vya nyuklia, lakini tuna wazee wa Rufiji. Wanajua mto ule umefika wapi, miaka gani, na mikorosho ya nani iliondoka. Napenda kuamini kwamba waliulizwa kabla ya kuamua jenereta za dharura, vyumba vya betri na vituo vya kupoza umeme vikae kwenye kimo gani, na kama hawakuulizwa, bado wapo. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyowaondoa watu majumbani mwao Rufiji na Kibiti, mjadala ulitawaliwa na ubishi kama bwawa ndilo lililosababisha au ndilo lililopunguza. Mimi nilitaka kusikia mambo mengine: kama Mloka, Utete na Muhoro kuna ving'ora, kama vimewahi kulizwa kwa majaribio, na kama mama aliyeko shambani na watoto anajua akikisikia akimbilie mwinuko upi. Kituo kinachojiokoa chenyewe na kuwaacha watu wa chini ya mto bila taarifa hakijafanya kazi yake.

Kuhusu hujuma nitasema machache. Januari 2022 minara ya njia kubwa ya umeme inayoingia Nairobi kutoka Kiambere ilianguka baada ya vyuma vyake kuibwa, hali iliyosababisha serikali ya Kenya kusimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu. Nasi kwetu tunaujua wizi wa mafuta ya transfoma. Mlinzi mwenye tochi hatoshi, na mwanakijiji anayeishi chini ya nyaya zisizomwashia taa hata moja hana sababu kubwa ya kuzilinda, hivyo kuvipelekea umeme vijiji vinavyopitiwa na njia hizo ni sehemu ya ulinzi. Kwa upande wa mashambulizi ya kompyuta, Desemba 23, 2015, wavamizi waliingia katika mifumo ya kampuni za usambazaji umeme za Ukraine na kuwazimia umeme wateja wapatao 225,000. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi waliingia kwenye magari, wakaenda kituo kwa kituo na kufunga swichi kwa mikono. Waliweza kwa sababu walikuwa bado wanajua. Vijana wetu wanaofundishwa leo kwenye vioo vya kompyuta wafundishwe pia kufanya kazi ile kompyuta ikiwa imezimwa, na wakongwe wanaostaafu wasiondoke kabla hawajawashika mkono.

Najua majibu mawili nitakayopewa. La kwanza ni fedha, kwa maana kwamba kuzima sehemu ya gridi kwa makusudi ili kujaribu kuiwasha upya ni usumbufu na hasara. Ni kweli, lakini Machi 2024, mvua zilipozidi, vituo kadhaa vya maji vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Siku kama hizo ndizo za kufanyia jaribio la namna hii bila kumwumiza mtu. La pili ni usalama wa Taifa, kwamba mambo haya hayatangazwi. Sitaki kujua ramani za nyaya wala namba za siri. Tarehe ya jaribio na dakika zilizotumika hazimsaidii adui, ila zinamsaidia mwenye hospitali kujua aweke dizeli ya saa ngapi.

Kwa hiyo naiomba EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ambayo hutoa kila mwaka ripoti ya utendaji wa sekta ya umeme, iongeze katika ripoti hiyo, kwa kila kituo kikubwa, tarehe ya mwisho kilipowashwa kutoka gizani pasipo msaada wa gridi, muda uliopita hadi taa ya kwanza ya mteja kuwaka, na muda ambao jenereta yake ya dharura imebeba mzigo kamili. Iseme pia kama transfoma kubwa ya akiba ipo nchini, kwa kuwa transfoma za aina hiyo huagizwa kwa kutengenezwa, na kuisubiri huchukua mwaka au zaidi. Na wahusika wakitaka kuanza na kituo kimoja tu kabla ya vingine, napendekeza kiwe Kidatu, ambacho kimetufanyia kazi tangu mwaka 1975 na ambacho, pamoja na Mtera, kisiachwe kichakae eti kwa sababu tumepata kikubwa zaidi. Vituo vya maji vya ukubwa huo huhitaji umeme kidogo tu ili kuamka, na siku bwawa kubwa likilala, huenda mashine moja ya Kidatu ndiyo itakayotumwa kuliamsha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi umeme mstaafu,
Morogoro